Mesotelioma

Mesotelioma ni saratani inayoanzia kwenye utando mwembamba unaofunika mapafu, na mara chache zaidi ule wa tumbo au wa moyo. Si saratani ya mapafu yenyewe, ingawa huchanganywa nayo. Chanzo chake kikuu ni asbesto, madini ya nyuzi zisizoungua yaliyotumika katika vigae vya paa, mabomba na breki. Yakikatwa au kusagwa, hutoa vumbi la nyuzi zisizoonekana kwa macho. Zikivutwa na pumzi hunasa mwilini, na kwa kawaida ugonjwa hujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye.

Uhusiano huo ulidhihirika mwaka 1960, mtafiti J. C. Wagner na wenzake walipochapisha taarifa za wagonjwa 33 wa Afrika Kusini, karibu wote wakihusishwa na asbesto ya buluu ya Rasi ya Kaskazini. Baadhi yao hawakuwahi kushika sururu: walikulia tu jirani na migodi, ambako watoto walicheza juu ya vifusi. Nchi hiyo ilipiga marufuku asbesto mwaka 2008.

Dalili ni kuishiwa pumzi, maumivu ya kifua na maji kujaa kuzunguka pafu. Dawa huweza kurefusha maisha. Kupona kabisa ni nadra.