Farasi na Meli za Mahujaji wa Santiago

Anayefika Santiago de Compostela, kaskazini magharibi mwa Hispania, akiwa ametembea mwezi mzima na shanta mgongoni tangu Saint-Jean-Pied-de-Port, kiasi cha kilomita 780, huambiwa kwamba amefuata nyayo za mahujaji wa miaka elfu moja. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Njia ni kongwe kwelikweli, na daraja la mawe la Puente la Reina limevusha watu tangu karne ya 11. Nusu ya pili, ile ya nyayo, inahitaji kuchunguzwa upya. Hoja yangu ni kwamba kutembea kwa kupenda, kutembea kama tendo lenye thamani yake lenyewe na kipimo cha nani ni hujaji wa kweli, ni desturi changa ambayo umri wake hauzidi sana nusu karne. Hujaji wa Zama za Kati alikwenda kwa miguu kwa sababu moja kubwa: hakuwa na cha kupanda. Aliyekuwa nacho alipanda, na hakuna aliyemwona kuwa amepunjika thawabu.

Habari za mwanzo hazina haja ya kurefushwa. Mapema katika karne ya 9, Askofu Teodomiro alitangaza kwamba limeonekana kaburi la Mtume Yakobo, mwana wa Zebedayo, na Mfalme Alfonso II wa Asturias akajenga kanisa mahali hapo. Kama mifupa ile ni ya Yakobo au ya mtu mwingine, huo ni mjadala mwingine. Jambo la maana hapa ni kwamba watu waliamini, wakaja. Kufikia mwaka 1075, ulipoanza ujenzi wa kanisa kuu lililopo sasa, wageni walikuwa wakimiminika kutoka Ufaransa, Ujerumani, Italia na Uingereza. Swali ni walifikaje.

Ushahidi ulio bora zaidi ni ule ambao watembeaji wa leo hupenda kuutaja bila kuusoma hadi mwisho. Katikati ya karne ya 12 kulikusanywa vitabu vitano vinavyojulikana kwa jina la Codex Calixtinus, na cha tano ni mwongozo wa njia, ambao wengi humhesabia kasisi Mfaransa Aymeric Picaud. Huitwa mwongozo wa kwanza wa watembeao. Mwandishi wake anaigawa safari kuanzia milima ya Pirenei hadi Santiago katika vituo 13 tu, na kwa kituo cha nne, kutoka Estella hadi Nájera, anasema waziwazi kwamba ni mwendo wa siku wa mpanda farasi. Cha tano, kutoka Nájera hadi Burgos, ni vivyo hivyo. Kila kimoja kati ya vituo hivyo viwili kina zaidi ya kilomita 70, na mtu wa miguu leo huchukua siku tatu au nne kukimaliza. Huyu bwana hakuwa akiandika juu ya malengelenge.

Farasi wake wanajitokeza tena anapofika mitoni. Karibu na Lorca, katika nchi ya Navarra, anasimulia kwamba yeye na wenzake waliwakuta wenyeji wawili wameketi ukingoni mwa mto wa maji ya chumvi, wakinoa visu. Wasafiri wakauliza kama maji yanafaa kwa wanyama, wakajibiwa kwamba ni mazuri. Farasi wakanywa, wawili wakafa papo hapo, na wenyeji wakaanza kazi yao ya kuchuna ngozi. Kule Sorde, upande wa Ufaransa, anawalaani wavushaji ambao mitumbwi yao ya gogo moja haiwezi kubeba farasi. Anashauri mtu aketi mtumbwini na kumshika farasi wake kwa hatamu aogelee nyuma, kisha ahakikishe kwamba abiria ni wachache, maana wavushaji hujaza chombo kusudi kipinduke, wakajitwalie mali za waliozama. Pengine ametia chumvi. Wanavarra wote anawachukia, na chuki hiyo haifichi. Lakini ushauri wa kumvusha farasi ni wa mtu anayedhani kwamba msomaji wake anaye farasi.

Walioishi ng'ambo ya bahari walifuata akili hiyohiyo. Katika karne ya 15 wafalme wa Uingereza walitoa vibali kwa wenye meli, na kila kibali kilitaja idadi ya mahujaji ambao chombo kimeruhusiwa kubeba kwenda Galicia, jimbo lenye Santiago. Margery Kempe, mwanamke wa Norfolk ambaye simulizi ya maisha yake imehifadhiwa, alipanda meli Bristol mwaka 1417 na kufika baada ya siku saba. Mwaka 1456 William Wey, mwanachuoni wa Eton, alihesabu bandarini La Coruña zaidi ya meli 80, na 32 kati yake zilikuwa za Kiingereza. Kutoka bandari hiyo hadi kaburini ni kilomita 75 hivi. Watu hawa walikuwa wacha Mungu. Kempe alilia machozi ya toba mpaka wenzake wakamchoka. Hata hivyo hakuna aliyeona kwamba angepaswa kuvuka kwanza hadi Ufaransa ili apate kilomita za kutosha.

Wako waliokwenda mbali zaidi ya hapo: hawakwenda kabisa. Wosia nyingi za karne zile zinaacha fedha za kumlipa mtu aende Santiago kwa niaba ya marehemu, na malipo ya kiroho yamwendee aliyelipa. Mahakama za miji ya Flandria nazo ziliwahukumu wakosaji kwenda kuhiji mbali na kurudi na hati ya kuthibitisha kwamba wamefika, lakini zilikuwa pia na orodha ya bei: aliyetaka kubaki nyumbani alilipa faini, na kila patakatifu palikuwa na kiwango chake. Thawabu inayoweza kununuliwa au kukodishwa haiwezi kuwa ilikaa miguuni.

Pingamizi la kwanza liko wazi: wengi walitembea. Ni kweli, kwa sababu wengi walikuwa maskini, na maskini walitembea pia kwenda sokoni, shambani na vitani. Hospitali na nyumba za wageni kama ile ya Roncesvalles, pamoja na barabara na madaraja aliyojenga Domingo de la Calzada katika karne ya 11, viliwekwa kwanza kwa ajili yao, lakini daraja halimuulizi mtu amekujaje. Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linahusu kitubio. Wapo waliotembea pekupeku kwa nadhiri, na hotuba moja katika kitabu cha kwanza cha kodeksi ileile inawakemea mahujaji wanaosafiri na mali tele huku maskini wakiachwa. Nakubali kwamba ugumu ulisifiwa. Ila kinachokemewa sana pale ni ubahili kuliko kupanda mnyama, tena hakuna anayehubiri dhidi ya jambo ambalo halitendeki. Na waliojinyenyekeza mara nyingi walifanya hivyo mwishoni. Henry II wa Uingereza, alipokwenda Canterbury Julai 1174 kutubu damu ya Askofu Mkuu Thomas Becket, aliyeuawa na watu wake, alikuja juu ya farasi, akashuka karibu na mji, akavua viatu, na sehemu iliyobaki akaitembea.

Karne ya 19 inaipima hoja hii vizuri kuliko nyingine yoyote. Kama kutembea kungekuwa kiini cha hija, basi imani ilipopata nguvu mpya, njia zingejaa tena. Haikuwa hivyo. Lourdes, kule Ufaransa, ilipata umaarufu tangu 1858, reli ikafika hapo mwaka 1866, na makundi makubwa ya Wakatoliki yakaja kwa treni bila kujiona wanyonge. Huko Santiago mifupa, iliyofichwa mwaka 1589 kwa hofu ya nahodha Mwingereza Francis Drake na baadaye mahali pake kusahauliwa, ilichimbuliwa mwaka 1879, na Papa Leo XIII akaithibitisha mwaka 1884. Kauli ya Papa mwenyewe haikurudisha misafara ya miguu. Aliyefanya kazi hiyo karne moja baadaye ni paroko wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, ambaye mwaka 1984 alianza kupaka mishale ya manjano kwenye miti, kuta na mawe. Rangi ilikuwa mabaki ya kuchorea barabara za magari. Baraza la Ulaya likaitambua njia mwaka 1987, na UNESCO mwaka 1993. Mwaka 1986 waliosajiliwa kufika walikuwa karibu 2,500. Mwaka 2019 walipita 347,000.

Rangi ile inaeleza mengi. Ilibidi kwanza kila Mzungu awe na uwezo wa kufika Santiago kwa saa chache ndipo kwenda kwa mwezi mzima kuwe na maana ya pekee. Wanaotembea kutoka Kenya au magharibi mwa Uganda hadi Namugongo, patakatifu pa Mashahidi wa Uganda, kwa ajili ya sikukuu yao ya tarehe 3 Juni wanalijua hilo: mguu huwa sadaka pale ambapo basi lilikuwepo na mtu akaliacha. Kwa hiyo siafiki wanaosema kwamba hija ya leo ni maigizo kwa kuwa ni mpya. Desturi ya mwaka 1984 inaweza kuwa ya kweli sawa na ya 1140, ili mradi isijidai ukongwe isiokuwa nao.

Kujidai huko kuna madhara yake. Wanaoanzia Sarria, kilomita kama 115 kutoka kanisa kuu, husimangwa na waliotoka Pirenei kuwa ni watalii, wakati kanisa lenyewe linadai kilomita 100 tu kwa mtembeaji ili limpe cheti. Kipimo hicho nacho ni cha zama zetu, na kimeleta tatizo la kuchekesha. Njia ya Kiingereza kutoka La Coruña, ile ya William Wey na meli zake 32, ni fupi kuliko kilomita 100, hivyo aliyeitembea yote hakustahili cheti. Mwishoni mwa 2016 kanisa lilitoa ruhusa: anayeanzia La Coruña atapewa, mradi aonyeshe kwamba ametembea kilomita 25 nyingine nchini kwake. Wengi hawataki usumbufu huo, wanaanzia Ferrol, ambako kilomita zinatosha.