Joginder Singh

Joginder Singh (9 Februari 1932 – 20 Oktoba 2013) alikuwa dereva wa mbio za magari na fundi makanika wa Kenya. Alishinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, akawa mtu wa kwanza kuyatwaa mashindano hayo mara tatu. Magazeti ya ng'ambo yalimsifu kama Kalasinga anayepaa. Wakenya walimwita Simba. Majina yote mawili yanasifu kasi na ujasiri, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya kazi yake imebaki kivulini. Ukiyatazama matokeo yake kwa makini, utaona kwamba alishinda kwanza kwa ufundi wa gereji, kisha kwa mguu wa mafuta, na barabara zinazozunguka Mlima Kenya zinalithibitisha hilo kuliko uwanja wowote wa mbio.

Maisha ya awali

Alizaliwa Kericho, katika familia iliyotoka Punjab. Alijifunza kazi kwa kushika spana katika gereji ya baba yake. Mwaka 1958 akawa fundi wa doria wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akiwasaidia madereva waliokwama njiani. Mwaka uliofuata aliingia Safari kwa mara ya kwanza.

Volvo ya 1965

Gari lililompa ushindi wa kwanza, Volvo PV544, halikuwa jipya. Lilikuwa limekimbizwa na timu ya Volvo katika Safari ya 1964, likachakaa, na Joginder pamoja na nduguye Jaswant wakalinunua likiwa mtumba. Kiwanda hakikuwa nyuma ya gari hilo tena. Waliondoka wakiwa nambari moja, wakiifungua njia ambayo hakuna aliyewatangulia kuwaonyesha palipo na shimo au mto uliofurika, na wakamaliza wakimwacha wa pili kwa zaidi ya saa moja na nusu. Huo ulikuwa pia ushindi wa kwanza wa dereva wa asili ya Asia. Pengo la namna hiyo haliletwi na kona zilizokatwa vizuri peke yake. Katika mashindano ya kilomita zipatazo 5,000, kwenye barabara zilizokuwa wazi kwa malori na ng'ombe, muda mwingi hupotea gari likiwa limesimama: springi imekatika, rejeta inavuja, klachi imeungua. Mwenye gari lisilosimama anaweza kwenda polepole kuliko wenzake na bado akawapita. Ndugu wawili waliolifungua gari hilo wenyewe na kulijenga upya walijua kila nati ilikazwa na nani.

Mzunguko wa Mlima Kenya

Historia ya Safari ina mizizi Nyeri. Elizabeth wa Pili alipata habari za kuwa malkia akiwa ziarani Nyeri mwezi Februari 1952, baada ya kulala Treetops, hoteli iliyo kwenye msitu wa Aberdare, na mbio za kwanza za 1953 ziliandaliwa kwa heshima ya kutawazwa kwake. Baadaye, mashindano yalipohamishiwa Pasaka, yaliangukia mwanzo wa masika. Njia ilibadilika mwaka hadi mwaka, lakini mzunguko wa mlima ulirudi mara nyingi: Murang'a, Karatina, Nyeri, Naro Moru, Nanyuki, Meru, Chuka na Embu, au kinyume chake. Kwa watu wa miji hiyo Safari ilikuwa ikipita karibu na mlango wa nyumba.

Hakuna kipande kilichompima fundi zaidi ya hicho. Gari lililorekebishwa Mombasa, kwenye usawa wa bahari, likifika Naro Moru liko mita 1,900 na zaidi juu. Hewa ni nyembamba, petroli inazidi hewa ndani ya kabureta, plagi zinashika masizi na nguvu inapotea mlimani, pale hasa inapohitajika. Fundi anayejua kazi yake huchagua jeti na kupanga moto wa plagi kwa kukubali hasara ndogo huku na huku, kwa sababu hawezi kulirekebisha gari upya katika kila mji. Upande wa mashariki mambo yanageuka. Kati ya Embu na Meru, kabla ya lami, barabara ilishuka na kupanda mabonde ya mito inayotoka mlimani, kama Thuci na Nithi, juu ya udongo mwekundu ambao ukinyeshewa huteleza mno. Hapo breki huchemka kwenye mteremko, klachi huteswa kwenye mpando, na bamba la chuma chini ya injini hupigwa na mawe saa nzima. Upande wa Laikipia kuna udongo mweusi wa pamba unaolimeza gurudumu hadi ekseli. Si rahisi kuliandaa gari moja kwa ajili ya hayo yote. Joginder anatajwa kuwa alianza Safari 22 na kumaliza 19. Kwa mashindano ambayo kwa kawaida magari mengi zaidi yaliishia njiani kuliko yaliyofika, takwimu hiyo ina uzito kuliko vikombe vyenyewe.

Lancer, 1974 na 1976

Pasaka ya 1974 mvua ilinyesha bila huruma. Magari 99 yalianza, 16 yakamaliza. Joginder, akiwa na David Doig kama mwelekezi, alishinda kwa Mitsubishi Colt Lancer yenye injini ya lita 1.6, mbele ya Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911 ya lita 2.7. Mwaka 1976 alishinda tena na Doig, na Lancer zikachukua nafasi tatu za kwanza, huku Lancia Stratos, gari bora la dunia wakati huo, likikosa hata nafasi ya tatu.

Kuna pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba Lancer ziliandaliwa na kiwanda, kwa hiyo sifa ni ya Wajapani. Ni kweli kwamba hakuwa peke yake tena kama mwaka 1965. Hata hivyo kiwanda kilichokuwa kigeni katika Safari kilihitaji mtu wa kukiambia ni wapi chasisi itapasuka na shokomzoba ipi itakufa mapema, na dereva aliyekulia gereji alilijua jibu kwa mikono yake. Ya pili, iliyo nzito zaidi, ni kwamba alikuwa mwenyeji, na wenyeji walizijua barabara. Hadi Hannu Mikkola aliposhinda mwaka 1972 hakuna mgeni aliyekuwa ameshinda, kwa hiyo faida hiyo ilikuwepo. Lakini wenyeji wenzake walikuwa nayo pia, na wengi wao waliachwa kwenye matope yaleyale. Kujua kona ya Chuka hakumsaidii mtu ambaye giaboksi yake imevunjika kilomita kumi kabla ya kufika hapo. Rekodi yake ya ushindi baadaye ilipitwa na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano.

Kifo na kumbukumbu

Mara ya mwisho kushiriki Safari ilikuwa 1980. Alifariki London akiwa na umri wa miaka 81. East African Safari Classic, iliyoanzishwa 2003, hukimbiza magari ya enzi zake. Safari yenyewe ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 ikiwa na makao Naivasha, mbali na mzunguko wa Mlima Kenya. Hata hivyo ufundi wa gereji bado una nafasi: gari likiharibika katikati ya hatua, kanuni zinaruhusu dereva na mwelekezi peke yao kulitengeneza, kwa zana na vipuri walivyobeba.