Vumbi la Maua na Ngurumo

Mwaka 1873 tabibu Charles Blackley wa Manchester, Uingereza, alitoa kitabu juu ya mafua yawapatayo watu majira ya kukata nyasi. Naye mwenyewe alikuwa mgonjwa wake. Alijichanja ngozi akatia vumbi la maua ya nyasi, pakavimba. Kisha akarusha tiara zenye vioo vya kunata, navyo vikashuka na vumbi lile kutoka juu sana. Twastaajabia mchezo wa watoto kutumika hivyo!

Walakini chembe nzima ni kubwa, hukwama puani. Wataalamu wasema unyevu wa dhoruba huzipasua, na upepo ushukao huleta vipande hata mapafuni. Huko Melbourne, Australia, dhoruba ya tarehe 21 Novemba 2016 ilisababisha watu 10 kufa kwa pumu ya namna hiyo. Na wengi katika wagonjwa hawakuwa wamepata kuugua pumu kamwe.