Kadi ya mkopo yenye pointi za safari: ada na viwango vya kuchuma

Kadi ya pointi za safari ni kadi ya mkopo inayompa mwenyewe pointi au maili kwa kila malipo anayofanya nayo. Pointi hizo baadaye hugeuzwa kuwa tiketi ya ndege, usiku wa hoteli au punguzo la gharama za safari. Kadi za aina hii zimestawi Marekani kuliko kwingineko, na makala haya yanazungumzia za huko, pamoja na matumizi yake kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko na kusafiri kuja Afrika Mashariki.

Kuipima kadi ni kutafuta jibu la swali moja: ada zote zikishatolewa, inamwachia mwenyewe kiasi gani kuliko kadi isiyo na ada ya mwaka inayorudisha asilimia 2 ya matumizi kwa fedha taslimu? Kadi hizo za asilimia 2 zipo na hupatikana bila shida, kwa mfano Double Cash ya Citi na Active Cash ya Wells Fargo. Matangazo hayazitaji. Hulinganisha kadi na kutokuwa na kadi kabisa, na katika ulinganisho huo hakuna kadi inayoshindwa.

Chimbuko na mkondo wa fedha

Diners Club, kadi ya kwanza iliyokubalika katika biashara nyingi tofauti, ilianza New York mwaka 1950 bila pointi zozote. Wazo la pointi lilitoka kwenye ndege. Marekani ilipopitisha sheria ya mwaka 1978 ya kuyaachia mashirika ya ndege yajipangie nauli, ushindani ulipamba moto, na tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ikazindua AAdvantage, mpango wa kumhesabia abiria maili alizosafiri. Mwaka 1987 shirika hilo likashirikiana na Citibank kutoa kadi iliyompa mtu maili kwa kununua tu, hata kama hajakanyaga kiwanja cha ndege.

Tangu hapo maili ni bidhaa ambayo shirika la ndege huiuzia benki. Mwaka 2024 Delta ilipata karibu dola bilioni 7.4 kutoka American Express. Mwaka 2020, ndege zilipoegeshwa kwa sababu ya UVIKO-19, United iliweka rehani mpango wake wa maili, MileagePlus, na kukopa dola bilioni 6.8.

Benki nayo hupata fedha hizo kwa muuzaji kwanza. Kila kadi inapopitishwa dukani, muuzaji hukatwa asilimia kadhaa ya mauzo, na fungu kubwa la makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Umoja wa Ulaya uliliwekea fungu hilo kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo mwaka 2015, na Australia ilikuwa imelipunguza tangu 2003. Ndiyo maana anayeishi Paris hapati ukarimu wa pointi anaoupata jirani yake aliyehamia Chicago. Kenya na Tanzania malipo mengi ya kila siku hupita kwenye simu, na Wakenya wengi walizijua Bonga Points, pointi za kampuni ya simu ya Safaricom, kabla ya kuona kadi ya pointi ya benki.

Chanzo cha pili ni riba ya wanaochelewa kumaliza deni. Watafiti wa Benki Kuu ya Marekani na wenzao walikadiria mwaka 2023 kwamba pointi huhamisha takriban dola bilioni 15 kila mwaka kutoka kwa wenye rekodi dhaifu ya mikopo kwenda kwa wenye rekodi nzuri. Kwa maneno mengine, tiketi ya bure ina mlipaji, na mara nyingi ni mtu asiyeijua.

Ada na riba

Ada ya mwaka ndiyo inayoonekana wazi. Daraja la chini halina ada. Daraja la kati hutoza karibu dola 95, kama Chase Sapphire Preferred na Capital One Venture. Daraja la juu limekuwa likipanda ngazi bila kupumzika: Chase Sapphire Reserve ilizinduliwa mwaka 2016 kwa ada ya dola 450, ikafika 550 mwaka 2020 na 795 mwaka 2025, mwaka ambao Platinum ya American Express nayo ilifika 895.

Kadi za juu hutetea ada yake kwa orodha ndefu ya nafuu, na orodha hiyo inahitaji kusomwa kwa kalamu nyekundu. Sapphire Reserve hurudisha dola 300 za gharama za safari karibu za aina yoyote, na hizo ni sawa na fedha kwa mtu anayesafiri. Nafuu nyingine hazina uzito huo. Platinum, kwa mfano, hutoa dola 15 za Uber kila mwezi, zisizovuka kwenda mwezi unaofuata. Nyingine hugawanywa nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mwaka, au hutumika katika hoteli na mikahawa iliyoteuliwa pekee. Kanuni inayofaa ni kuhesabu kile tu ambacho mtu angekilipia hata kama kadi isingekuwepo. Dola 50 zilizotumika kwa sababu zilikuwa karibu kuisha muda ni matumizi, hata benki iziite zawadi.

Kuna pia ada ya miamala ya nje, ambayo kwa kawaida ni asilimia 3. Kadi nyingi za safari haziitozi, lakini kutoitoza si fahari ya kadi za kulipia peke yake: kadi zote za Capital One nchini Marekani zimeiondoa, ikiwemo VentureOne isiyo na ada ya mwaka. Kadi za asilimia 2 zilizotajwa hapo juu huitoza. Mtu akitumia dola 3,000 Zanzibar kwa Double Cash atarudishiwa 60 na kukatwa 90.

Kisha ipo riba. Tangu 2023 wastani wa riba za kadi Marekani umevuka asilimia 20 kwa mwaka. Deni la dola 3,000 kwa riba ya asilimia 22 hula dola 55 kwa mwezi. Pointi za dola 3,000 hizo, kwa kiwango cha pointi 2 kwa dola, zina thamani ya dola 60 hivi. Mwezi mmoja wa kubeba deni umekwisha kuzimeza karibu zote, na wa pili humla mwenye kadi mwenyewe. Anayejua kwamba hatalipa salio lote kila mwezi hana haja ya kuendelea na hesabu zinazofuata. Atafute kadi ya riba ndogo.

Sheria ya mwaka 1988 iliilazimisha benki kuweka gharama hizi zote katika jedwali moja ndani ya maelezo ya maombi. Jedwali hilo ndilo la kusomwa kwanza. Picha za fukwe zinaweza kusubiri.

Kiwango cha kuchuma

Kadi huchuma kwa namna mbili. Ya kwanza ni kiwango kimoja kwa kila kitu: Venture hutoa maili 2 kwa kila dola popote, VentureOne maili 1.25. Ya pili ni viwango kwa makundi: Sapphire Preferred hutoa pointi 3 kwa dola mikahawani, 2 kwa safari, 5 kwa safari zilizonunuliwa kupitia tovuti ya benki yenyewe, na 1 kwa mengi yaliyobaki.

Macho ya wengi huvutwa na namba kubwa, ilhali kinachoamua ni hiyo 1. Matumizi ya familia kwa sehemu kubwa huangukia kwenye bima, karo, matengenezo ya gari, simu, dawa na nguo, na huko kadi ya makundi huchuma nusu ya kadi ya asilimia 2.

Makundi yenyewe hayapangwi kwa kilichonunuliwa. Kila muuzaji ana msimbo wa tarakimu 4 katika mitandao ya Visa na Mastercard, na benki huangalia msimbo huo tu. Chakula cha jioni kikiingizwa kwenye bili ya chumba huhesabiwa hoteli. Unga na mafuta ya kupikia kutoka Walmart, kwa kadi nyingi, havihesabiwi kuwa vya duka la vyakula. Bei ya kununua kupitia tovuti ya benki nayo ilinganishwe na bei ya shirika lenyewe, kwa kuwa pointi 5 kwa dola hazifidii tiketi iliyoongezeka bei kwa asilimia 10.

Miamala mingine haichumi kitu. Kutoa fedha taslimu kwenye ATM kwa kadi ya mkopo, iwe Kariakoo au Boston, hakuna pointi, kuna ada ambayo mara nyingi ni asilimia 5, na riba huanza siku hiyohiyo. Wanaotuma pesa nyumbani wajihadhari hapa: benki nyingi huhesabu malipo kwa programu za kutuma pesa kuwa ni kutoa taslimu.

Thamani ya pointi na hesabu yenyewe

Pointi haina bei ya kudumu. Ili kujua thamani yake katika tiketi fulani, chukua bei ya tiketi kwa fedha, toa kodi na ada ambazo tiketi ya maili bado inadai, kisha gawanya kwa idadi ya maili. Tiketi ya dola 1,100 inayopatikana kwa maili 60,000 na dola 100 za kodi inaipa kila maili senti 1.67. Tiketi hiyo ikishuka hadi dola 700 msimu usio na wasafiri wengi, maili ileile ni senti 1. Mashirika mengine, British Airways likiwa mfano unaojulikana, huongeza tozo zake juu ya tiketi ya maili na kuishusha thamani zaidi.

Sasa ada na viwango vinaweza kukutanishwa. Kwa maili ya senti 1, ambayo ndiyo thamani ya kufutia gharama ya safari kwenye akaunti ya Capital One, Venture inaishinda VentureOne pale tu matumizi yanapovuka takriban dola 12,670 kwa mwaka. Dhidi ya kadi ya asilimia 2 haishindi kamwe, kwa sababu inarudisha asilimia ileile na kudai dola 95 juu yake. Maili ikipata senti 1.5, mizani hulingana kwenye dola 9,500. Ikipata 1.25, kwenye dola 19,000.

Chukua pia kadi ya makundi ya mfano, yenye ada ya dola 95, pointi 3 mikahawani, 2 kwa safari na 1 kwingineko. Familia inatumia dola 6,000 mikahawani, 3,000 safarini na 12,000 kwa mengineyo. Itachuma pointi 36,000. Kadi ya asilimia 2 ingeipa dola 420. Ili kadi ya safari ifikie hapo baada ya ada, kila pointi lazima iuzwe kwa senti 1.43 au zaidi. Chini ya hapo familia hiyo inailipa benki ili ipate kidogo.

Thamani ya juu kwa kawaida hupatikana kwa kuhamishia pointi kwenye mashirika ya ndege. Pointi za Chase na maili za Capital One huhamia Flying Blue ya Air France na KLM moja kwa moja, na KLM hutua Nairobi, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Pointi za Chase huhamia pia United, mshirika wa Ethiopian Airlines inayofika miji mingi ya Afrika Mashariki kupitia Addis Ababa. Ila Delta iliondoa jedwali la bei za maili mwaka 2015 na United mwaka 2019, na tangu hapo bei hupanda na kushuka kama nauli. Kulimbikiza maili kwa miaka ni kushika sarafu ambayo mwenye kiwanda anaweza kuishusha usiku. Vigezo na masharti kuzingatiwa, kama matangazo ya redio yasemavyo kwa kasi.

Bonasi ya kuanzia huvuruga hesabu zote za mwaka wa kwanza. Sapphire Reserve ilipozinduliwa ilitoa pointi 100,000 kwa aliyetumia dola 4,000 ndani ya miezi 3, na benki ikakiri kwamba kadi hiyo ingeipunguzia faida kwa mamia ya mamilioni ya dola katika robo moja ya mwaka. Bonasi ni halali kuhesabiwa, lakini mara moja. Kadi ihukumiwe kwa mwaka wa pili.

Kadi ikifika Afrika Mashariki

Kutotozwa ada ya miamala ya nje kuna uzito zaidi Tanzania tangu kanuni za mwaka 2025 zilipopiga marufuku kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mashine ya malipo ikiuliza kama mteja anataka kukatwa kwa dola au kwa shilingi, ajibu shilingi: kukubali dola ni kumwachia mwenye mashine apange kiwango cha kubadilishia, nacho huwa kibaya. Hoteli na kampuni nyingi za utalii huongeza asilimia kadhaa kwa anayelipa kwa kadi. Nyongeza ya asilimia 4 huizidi thamani ya pointi 2 kwa dola, na hapo fedha taslimu au malipo ya simu hushinda kadi yoyote iliyotajwa katika makala haya.

Kuacha au kushusha kadi

Ada ya mwaka mpya huonekana kwenye taarifa ya akaunti mwaka unapotimia. Benki nyingi huirudisha mteja akifunga kadi ndani ya siku 30 hivi, na baadhi humruhusu kuhamia kadi ya familia hiyohiyo isiyo na ada, akibaki na pointi na umri wa akaunti yake. Anayefunga moja kwa moja azitumie au azihamishe pointi kwanza, kwa sababu pointi za benki huweza kufutwa pamoja na akaunti, wakati maili zilizokwisha kuingia shirika la ndege hubaki kwa jina la abiria.