Majengo, pepo, na lile neno dogo "tu"

Leo nimekuja na historia, na kuna wale watasema hii ni stori ya kanisa tu. Ngoja kidogo, soma hadi mwisho.

Kama umewahi kulala Majengo usiku wa Ijumaa, unajua vile mambo huenda. Adhana ya Isha inatoka Masjid Riyadha, watu wanaswali, mtaa unatulia. Halafu saa nne hivi spika za kesha zinaamka. "Toka! Toka! Toka!" Hadi alfajiri, adhana nyingine ikuje. Mimi nimekulia katikati ya hizo sauti mbili. Binamu yangu pia.

Binamu yangu ana kifafa. Alianza kuanguka akiwa na miaka 14. Kliniki wakampa dawa, akakaa miezi mitano bila kuanguka hata mara moja. Kisha mchungaji wa kanisa fulani la mabati akamwambia shangazi yangu kwamba kumeza vidonge baada ya kuombewa ni kumwonyesha Mungu shaka. Shangazi akavitupa chooni. Wiki tatu baadaye binamu alianguka akipika, akaangukia jiko la makaa. Kovu liko kwa mkono wake mpaka leo. Na unajua mchungaji alisema nini? Ati pepo ametoka ukoo wa babake, na mtoto mwenyewe ana imani haba.

Siandiki hii kutukana watu wanaoomba. Mimi mwenyewe naomba. Lakini hiyo siku nilianza kujiuliza: haya maombi ya ukombozi yalitoka wapi, na ni lini yalianza kumgeukia mgonjwa?

Tuanze na maneno, juu maneno ni ya kwetu. "Pepo" ni neno la Pwani kabla halijawa la mimbarini. Mganga wa Pwani alikuwa anapunga pepo: anamuuliza jina, anamuuliza anataka nini, wanaelewana. Waislamu wana kisomo, mgonjwa anasomewa Kurani. Wamisionari walipotafsiri Biblia walichukua hilo neno "pepo", lakini wakabadilisha utaratibu. Hakuna kuelewana. Pepo anakemewa kwa jina la Yesu, anatoka.

Majengo ni mahali ambapo njia zote hizo zilikutana kwa uchochoro mmoja. Mtaa huu ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati serikali ya mkoloni iliamua Waafrika wa Nairobi wakae sehemu moja, Pumwani. Vijiji vya zamani kama Mombasa na Maskini vikavunjwa, watu wakapewa viwanja wajenge wenyewe, ndio maana jina likawa Majengo. Pangani nayo ilimalizwa mwisho wa miaka ya 1930, wengi wakasukumwa Shauri Moyo. Waliojenga Majengo walikuwa Waislamu wengi, na wanawake wengi wenye nyumba zao, jambo ambalo mwanamke hakupata kirahisi kwao kijijini. Baadhi yao walipata pesa ya kujenga kwa kuuza miili kwa wanaume ambao mji uliwataka kama vibarua lakini haukutaka waje na mabibi zao.

Kwa hivyo tangu mwanzo Majengo ilibandikwa jina. Mtaa wa dhambi. Mtaa wa mashetani. Mpaka leo kuna wahubiri wanakuja na lori la spika "kuikomboa Majengo", kama vile sisi ndio pepo wa Nairobi. Swali langu ni hili: nani aliandika sheria ya kipande? Nani alijenga mji wa kutenganisha mume na mke? Hao hawajawahi kukemewa na spika.

Sasa twende 1934, mwaka ambao hatufundishwi vizuri shuleni. Januari mwaka huo, kule Musanda, upande wa magharibi, Alfayo Odongo Mango, kiongozi wa watu wa Roho waliotoka ndani ya Anglikana, aliuawa pamoja na wafuasi wake na nyumba ikachomwa. Wiki mbili hivi baadaye, Februari, polisi waliwapiga risasi wanaume watatu katika msitu wa Ndarugu, mmoja wao Joseph Ng'ang'a. Hao walikuwa Watu wa Mungu, ambao leo tunawaita Wakorino. Vile vilemba vyeupe unaviona Gikomba kila siku vina damu nyuma yake.

Hawa watu wa Roho walitaka nini? Waliona kwamba wamisionari wamewaletea Biblia iliyojaa pepo wakitolewa na wagonjwa wakiponywa, lakini ukienda misheni na shida kama hiyo unaambiwa ni ushirikina. Wakasema basi tutaomba wenyewe. Mnamo 1942 Zakayo Kivuli alianzisha African Israel Church Nineveh, wale wa kanzu nyeupe, ngoma na bendera barabarani. Mnamo 1963, upande wa Waluo, Simeo Ondeto na mama kijana anayeitwa Gaudencia Aoko wakaanzisha Legio Maria. Aoko alikuwa amepoteza watoto wawili siku moja, na akatoka kwa huo msiba akiwaambia watu watupe hirizi, waache kuogopa wachawi. Watu walihamia mjini kutafuta kazi na makanisa haya yakaja nao, yakaingia Eastlands.

Ona vizuri hapo. Kwa hawa, maombi ya ukombozi yalikuwa silaha ya mnyonge. Mtu asiye na pesa ya daktari wala wakili alikuwa na kikundi cha watu waliovaa nyeupe, wanaokesha naye, wanaomwambia uovu unaokutesa si wewe. Hilo ni jambo kubwa. Ungekuwa unaishi chumba kimoja Majengo ya 1950, ungelihitaji.

Lakini silaha inaweza kushikwa na mtu mwingine. Tarehe 24 Aprili 1954 ilianza Operesheni Anvil. Nairobi ilizingirwa, Eastlands ikafagiwa nyumba kwa nyumba, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kambi kama Manyani na Mackinnon Road. Serikali ilisema kiapo cha Mau Mau ni ugonjwa wa roho. Haikusema ni kilio cha ardhi. Kwa hivyo dawa ikawa kukiri, na viapo vya utakaso vilivyosimamiwa na serikali yenyewe. Usipokiri, unaendelea kukaa kambini. Yaani mkoloni alifanya maombi ya ukombozi kwa bunduki, na pepo aliyetaka kumtoa alikuwa hamu ya mtu kupata shamba lake. Nisiwe wa upande mmoja pia: Wakristo wa uamsho walikataa kula kiapo, na wengine waliuawa kwa hilo. Kila upande ulikuwa umeshamwona shetani, na shetani alikuwa jirani.

Baada ya uhuru, sauti ikaongezwa. Mnamo 1970 Joe Kayo alianzisha Deliverance Church hapa Nairobi, kanisa ambalo ukombozi uko kwa jina lake. Vijana walifurika. Makanisa ya kilokole yakamea kila mtaa. Halafu 1994 Rais Moi akaunda tume rasmi ya kuchunguza ibada za mashetani Kenya, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti ilitolewa hadharani 1999, ikasema ibada hizo zipo, hata mashuleni. Kumbuka hiyo miaka ilikuwaje: Goldenberg ilikuwa imekula mabilioni, mapigano ya kikabila Bonde la Ufa yalikuwa yameua watu wengi. Na sisi tukakaa tukiogopa pete na nembo. Sisemi hakuna uovu wa kiroho. Nasema uovu mwingine ulikuwa mbele yetu, umevaa suti, na hakuna aliyeukemea kwa spika.

Mwisho wa hiyo barabara tuliuona 2023. Shakahola. Kanisa la Paul Mackenzie, mtu ambaye mahubiri yake yalijulikana kwa kupinga shule na hospitali. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, mingi ya watoto. Kesi ziko mahakamani, sitahukumu kabla ya jaji. Lakini mafundisho ya kwamba hospitali ni ya shetani hayakuzaliwa Shakahola. Shangazi yangu aliyasikia hapa Majengo, kwa viti vya plastiki, chini ya mabati.

Sasa nilirudi kwa Biblia yenyewe, juu mchungaji alimnukuu Mathayo 17, yule kijana anayeangukia motoni. Ni kweli, Biblia ya Kiswahili inatumia neno kifafa hapo, na Yesu anamkemea pepo. Sitakwepa. Lakini soma pia Mathayo 4, mstari wa 24. Hapo wenye pepo na wenye kifafa wametajwa mbalimbali, kama watu wawili tofauti. Mwandishi mmoja, injili moja. Tena kwenye Marko 9, Yesu anaanza kwa kumuuliza baba, hii imemshika tangu lini? Anachukua historia ya mgonjwa, kama daktari. Na lawama ya imani haba ilienda kwa nani? Wanafunzi. Waombaji! Kijana hakulaumiwa. Baba alikiri kabisa kwamba imani yake ina mapungufu, na bado mtoto wake akapona.

Kanisa la zamani lilijua haya. Roma mwaka 251, Askofu Kornelio aliandika kwamba kanisa lake lina wapunga pepo, wasomaji na wangoja mlango, jumla 52. Hao wote wamewekwa kundi moja, na askofu amewahesabu. Ilikuwa kazi ya utumishi, karibu sawa na kufungua mlango, haikuwa ya ustaa. Hadi leo kwa Wakatoliki, padri haruhusiwi kufanya maombi rasmi ya kutoa pepo bila idhini ya askofu wake, na anatakiwa kwanza ahakikishe si ugonjwa. Kuna mtu juu yako anayeweza kukuuliza maswali. Mchungaji wa shangazi yangu alikuwa anaulizwa na nani?

Na kitu cha mwisho. Sala ya Bwana, ile sote tulikariri tukiwa watoto. Waprotestanti wanamalizia wakiomba kuokolewa na "yule mwovu", kama mtu. Wakatoliki wanasema "maovuni", kama hali. Watu wanabishana, lakini wote wawili wameweka neno moja dogo katikati ya kitenzi: tu. Utuokoe. Haisemi umwokoe yule pale mbele. Haisemi uiokoe Majengo kutoka kwetu tuliokuja na lori. Anayeomba anajihesabu ndani ya shida.

Nadhani hapo ndipo tulipotea. Watu wa Roho wa miaka ya 1930 walisema "tu", wakakesha na mgonjwa. Kambi za 1954 zilisema "wao". Lori la spika linasema "ninyi". Ukisikia maombi ya ukombozi ambayo kidole kimoja tu ndicho kinaelekeza, na kinaelekea kwa mtoto mgonjwa, kwa mjane, au kwa mwanamke wa Majengo, toka hapo.

Hata kuhusu hao wanawake wa Majengo, wacha nikuambie kitu. Tangu miaka ya 1980, wanawake waliokuwa wakiuza miili hapa walikubali kushiriki utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Canada. Wachache wao waliendelea kuishi miaka bila kuambukizwa Ukimwi licha ya hatari, na damu yao imesaidia wanasayansi wa dunia nzima kuelewa huo ugonjwa. Wale tuliohubiriwa kwamba ndio mlango wa shetani.

Binamu yangu alirudi kliniki. Anameza dawa asubuhi na jioni, na shangazi yangu anamwombea kila usiku, mkono juu ya kichwa. Hajaacha kuamini pepo wapo. Alibadilisha kitu kimoja tu: siku hizi akifika mwisho wa maombi, anashika na kifua chake pia.

Wewe je, ulipoombewa mara ya mwisho, aliyekuombea alisema "tu" ama alisema "wewe"?