Walimu wa Kiungani na Mbweni

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

Kabla hatujaanza somo letu la leo, namwomba mwalimu wa darasa achore ubaoni kisiwa cha Unguja. Upande wa magharibi atie alama mahali palipo mji. Sasa mtu mmoja aje mbele, aweke kidole penye mji, kisha akishushe polepole upande wa kusini akifuata pwani. Kwanza atapita Kiungani, si mbali na mji. Akiendelea atafika Mbweni, kama kilomita 7 kutoka mjini. Atie alama hapo pia.

Leo tutazungumza habari za shule mbili zilizokuwa mahali hapo, Kiungani ya wavulana na Mbweni ya wasichana. Zote mbili zilikuwa karibu na bahari, na zote hazikuwa za serikali. Zilikuwa shule za misheni ya Waingereza iliyoitwa UMCA, na fedha zake zilitoka kwa wafadhili wa Uingereza. Wakati ule serikali ya Sultani haikuwa na shule za namna hii. Watoto wengi wa Unguja walisoma chuoni, wakijifunza Kurani kwa mwalimu wao.

Nataka mfikiri jambo moja mnaposoma: kazi ya mwalimu katika shule kama hizi ilikuwa kazi gani? Mwalimu alimpokea mtoto aliyekuwa mtumwa, akatakiwa kumfanya mtu huru. Je, kitabu na kalamu vyatosha kwa kazi hiyo?

Wanafunzi walitoka wapi?

Shule nyingi huanza hivi: wazazi wanawaleta watoto, mwalimu anaandika majina yao. Shule ya Kiungani haikuanza hivyo. Wanafunzi wake waliletwa na bahari.

Misheni hiyo ilianza kwanza mwaka 1861 katika nchi ya mto Shire, ambayo siku hizi imo katika Malawi. Huko ilipatwa na njaa, vita na magonjwa. Kiongozi wake, Askofu Mackenzie, alikufa mwaka 1862. Basi mwaka 1864 askofu mpya, William Tozer, pamoja na Dakta Edward Steere, wakahamia Unguja. Sultani Majid bin Said akawapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza.

Baadaye waliongezeka. Manowari za Waingereza zilikuwa zikizunguka baharini kuyatafuta majahazi yaliyochukua watumwa. Jahazi likikamatwa, watu waliomo waliteremshwa pwani, na baadhi ya watoto walipelekwa kwa misheni. Wasichana nao walikuja kwa njia hiyohiyo. Dada yake askofu, Helen Tozer, alikuwa miongoni mwa waliowalea mwanzoni. Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba la Mbweni, na hapo ikajengwa shule ya wasichana. Watu wazima waliokombolewa pia walipewa mahali pa kukaa katika shamba hilo.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Waingereza. Kwa mkataba huo soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na kusafirisha watumwa baharini kukakatazwa. Lakini, ndugu zangu, msidhani utumwa uliisha siku hiyo. Majahazi yaliendelea kupita kwa siri, na ndani ya kisiwa watu waliendelea kumilikiwa. Amri ya kuiondoa hali ya utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897 tu. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, mtoto wa Mbweni aliyekwenda mjini aliweza kukutana njiani na mtoto mwenzake ambaye bado ni mtumwa.

Siku ya kwanza darasani

Haya, jifanyeni ninyi ndio walimu. Mbele yenu wameketi watoto. Huyu ni Myao, huyu ni Mmakua, yule ametoka upande wa ziwa Nyasa. Hawasikilizani kwa lugha. Wengine walichukuliwa wakiwa wadogo sana hata hawawezi kuonyesha kwao ni wapi. Wameona njaa, wameona watu wakifa njiani. Sasa wameketi mbele ya mtu mgeni anayewaambia wasiogope. Kwa nini wamsadiki?

Mwalimu mwenyewe naye ni mgeni. Kama ametoka Uingereza, Kiswahili hakijui, tena ana hofu ya homa. Wamisionari wengi walikufa kwa homa, na wakati ule hawakujua inatoka wapi. Mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross, huko Bara Hindi, alipoviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Kabla ya hapo watu wengi walidhani homa inatokana na hewa mbaya.

Basi kitu cha kwanza kilichohitajika ni lugha moja ya kuwaunganisha wote, mwalimu na wanafunzi. Lugha hiyo ikawa Kiswahili cha Unguja. Dakta Steere alijifunza kwa watu wa mji na kwa wanafunzi wake. Mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia Kiswahili, na mwaka huohuo akatoa kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa tangu zamani kwa herufi za Kiarabu. Huko Mombasa mmisionari Krapf alikuwa amekwisha anza kukiandika kwa herufi za Kirumi. Steere naye akaandika kwa herufi hizo. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na wavulana wa shule walifundishwa kupanga herufi za chapa. Hivyo mtoto aliyeletwa na jahazi bila neno moja la Kiswahili, baada ya miaka michache alikuwa akitengeneza vitabu vya Kiswahili.

Mwalimu mwingine wa Kiungani alikuwa A. C. Madan. Mwaka 1887 alitoa kitabu chenye habari zilizoandikwa na wavulana wenyewe: nchi zao, mila za wazee wao, na jinsi walivyokamatwa. Yeye alizifasiri kwa Kiingereza. Fikirini jambo hilo. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi ameshika kalamu na kueleza aliyemuuza ni nani. Madan aliendelea na kazi ya lugha, akatoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903.

Nani asome, nani afue nguo?

Sasa tuingie Mbweni. Mwaka 1877 alifika mwalimu Caroline Thackeray, akawa mkuu wa shule ya wasichana mpaka mwaka 1902, yaani miaka 25. Alipostaafu hakurudi kwao. Aliendelea kukaa Mbweni mpaka alipokufa mwaka 1926.

Katika shule hiyo palikuwa na jambo gumu, nami sitalificha. Wasichana hawakufundishwa wote namna moja. Wale waliofikiriwa kuwa wepesi wa kuelewa walisomeshwa vitabu ili wawe walimu. Wengine walitiwa upande wa kazi za mikono: kushona, kupika, kufua na kupiga nguo pasi. Aliyechagua si msichana. Waliochagua ni wakubwa wa shule.

Walimu walikuwa na sababu zao. Walisema kila mtu hana budi kuwa na kazi ya kumlisha, na kwamba shule haina fedha za kumweka kila mtu masomoni. Hayo yana maana. Lakini ninyi mnaonisoma mmeanza kusoma mkiwa watu wazima. Mnajua kuwa mtu anaweza kuonekana mzito akiwa mtoto, na kumbe kilichomzuia ni njaa, au hofu, au lugha ngeni. Mtoto aliyetoka jahazini jana, ni nani awezaye kumpima akili leo? Kufua nguo si aibu, ni kazi ya halali. Shida ni pale mtu anapofungiwa mlango wa kusoma kabla hajajaribu kuusukuma.

Tena msichana hakuwa na mama wala mjomba wa kumsemea. Shule ndiyo iliyokuwa mlezi wake, ndiyo iliyomlisha, na neno lake lilikuwa zito hata katika habari ya ndoa. Kwa hiyo tuseme yote mawili. Walimu wale waliwaokoa watoto. Tena waliwatawala watoto hao sana, wakati mwingine kupita kiasi.

Wanafunzi wanakuwa walimu

Hata hivyo, sikilizeni matunda ya kazi hiyo. Mmoja wa wale wavulana watano wa mwaka 1864 aliitwa John Swedi. Mwaka 1879 akawa shemasi. Mwingine aliyesoma Kiungani ni Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa akiwa mtoto. Alipelekwa kusoma Canterbury, Uingereza, akarudi. Akaenda kufundisha na kuhubiri Chitangali, upande wa Masasi, katika nchi ya Wayao wenzake. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa kasisi katika misheni hiyo.

Wasichana wa Mbweni nao walitoka. Wengi waliolewa na walimu wa Kiungani, wakaenda pamoja nao bara, upande wa Magila katika nchi ya Wabondei, na upande wa Masasi. Huko walifundisha wanawake na watoto. Katika vitabu vya historia majina ya waume yameandikwa zaidi. Lakini mkiona imeandikwa kwamba mwalimu fulani alifungua shule, ulizeni: na mkewe, aliyesoma Mbweni, alikuwa akifanya nini? Mara nyingi alikuwa darasani.

Kazi hiyo haikuwa salama. Mwaka 1876 Steere, aliyekuwa sasa askofu, aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka Mbweni, wakaanza kijiji Masasi. Mwezi wa Septemba 1882 Wamagwangwara walikivamia kijiji hicho. Nyumba zilichomwa, na baadhi ya watu wakatekwa. Tazameni mkosi huo: mtu aliyekwisha kombolewa anatekwa mara ya pili. Hata hivyo kazi ya shule katika nchi ile haikufa.

Walimu waliotawanyika bara hawakutaka kusahauliana. Mwaka 1888 gazeti la Kiswahili lilianza kupigwa chapa Kiungani, jina lake Msimulizi. Ndani yake mlikuwa na habari za shule na barua za walimu kutoka vituo vya mbali. Mwalimu aliyekuwa peke yake kijijini aliweza kusoma habari za mwenzake, na kujua kuwa hayuko peke yake.

Jambo la kukumbuka

Katika miaka ya 1920 chuo cha Kiungani kilihamia Minaki, karibu na Dar es Salaam, na jina la Minaki wengi wenu mnalijua. Majengo ya shule ya Mbweni yamebaki magofu ya mawe karibu na pwani. Lakini kuna kitu kilichobaki ambacho hakikuvunjika. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, iliamuliwa kwamba Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Vitabu vya Steere na Madan vilikuwa vimekwisha tengeneza njia. Basi tahajia mnayojifunza ninyi usiku, kwa taa, ina undugu na ile waliyoipanga kwa vidole vyao watoto waliotolewa majahazini.

Tulijiuliza mwanzoni kama kitabu na kalamu vyatosha kumfanya mtumwa awe mtu huru. Mimi naona havitoshi, kama mwalimu amebaki navyo mkononi mwake. Mtoto wa Kiungani alipojua kusoma, alikuwa bado chini ya mlezi. Alipokwenda kijijini akamfundisha mtu mwingine, hapo alikuwa amesimama kwa miguu yake. Ndiyo maana mwalimu mzuri hupimwa hivi: wanafunzi wake wangapi wameweza kufundisha bila yeye?

Nanyi msingoje mpaka mmalize vitabu vyote. Ukijua herufi kumi leo, nyumbani yuko asiyejua hata moja. Mwonyeshe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini wanafunzi wa kwanza wa Kiungani hawakuletwa na wazazi wao?
2. Mkataba wa mwaka 1873 ulikataza nini? Ni jambo gani halikuisha mpaka mwaka 1897?
3. Kwa nini Kiswahili kilihitajika sana katika shule hizi?
4. Kama ungekuwa mkuu wa shule ya Mbweni, nawe fedha zako ni chache, ungewachaguaje wasichana wa kusomeshwa ualimu? Semeni wote, wanaume na wanawake.
5. Andika sentensi tatu juu ya mtu aliyekufundisha jambo lenye manufaa maishani.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.