Kitui na Wote: pakiti inayopanda angani mara mbili

Nilikuwa Kitui kwa mama mmoja mwenye duka la pembejeo, ambaye tawi lake la pili liko Wote, Makueni. Alitaka stoo zote mbili zionekane kwenye programu moja. Nikamwambia ni kazi ya nusu saa. Ilinila siku mbili.

Kumbe ruta zote mbili zilipangwa 192.168.1.x. Kompyuta ya Kitui ikiitafuta seva ya Wote inadhani iko mlemle dukani, basi pakiti haitoki nje kabisa.

Anwani hizi zina historia. Februari 1996, hati iitwayo RFC 1918 ilitenga mafungu matatu ya namba (10, 172.16 hadi 172.31, na 192.168) ambayo yeyote hutumia ndani kwake bila kuomba ruhusa. Wakati huo, kuunganisha matawi hapa Kenya kulimaanisha kukodi laini ya KPTC, na kuanzia 1999, ya Telkom Kenya, iliyolindwa dhidi ya washindani hadi 2004. Pasipo na laini nzuri, ulitundika dishi. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu. Kituo kikuu kikiwa Nairobi, pakiti ya Kitui kwenda Wote hupanda na kushuka mara mbili: swali na jibu hula kama sekunde nzima, kwa miji iliyoachana kilomita 60 hivi kwa mstari ulionyooka! Jaribu kupiga simu hivyo.

Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na mradi wa serikali wa NOFBI ukasambaza faiba bara. Teknolojia ya MPLS, iliyoandikwa rasmi Januari 2001, hubandika lebo kwenye pakiti, hivyo kampuni mbili hutumia waya mmoja, hata namba zilezile, bila kugongana.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, hao wenye waya hawawezi kusoma daftari langu la madeni?" Swali zuri kuliko ya wateja wangu wengi. Nikamjibu ukweli: wanaweza, mama. Lebo hutenganisha tu, haifichi kitu. Majina ya wakulima wake yangepita wazi.

Basi nikabadilisha Wote kuwa 10.20.2.x, nikafunga WireGuard kati ya ruta hizo mbili ili kila kitu kisimbwe. Stoo zinaonana sasa. Printa ya Wote tu ndiyo niliisahau kwenye namba ya zamani. Ijumaa napanda matatu kuifuata.